Simu inajuaje kwamba ndege yako ilichelewa kufika Zanzibar?

Je, wajua kwamba zipo programu za simu zinazokudaia fidia ya ndege iliyochelewa, na haziingoji kampuni ya ndege ikiri? Kwa kuanza, wewe unaandika namba ya safari na tarehe tu. Ushahidi unatoka kwenye ndege yenyewe.

Ndege za abiria hutangaza mahali zilipo kwa redio, kwenye masafa ya megahezi 1090, kama mara mbili kila sekunde. Tangazo hilo si siri. Mwenye antena ndogo juu ya paa analinasa, na mitandao kama Flightradar24 ya Uswidi huyakusanya na kuyahifadhi. Kwa hiyo ndege iliyotua Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, saa 4 usiku badala ya saa 12 jioni imejiandikia ushahidi yenyewe.

Kisha kompyuta inapima sheria, na sheria inayotumika zaidi ni kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004. Ukifika umechelewa saa 3 au zaidi, safari inayozidi kilomita 3,500 fidia yake ni euro 600, ingawa ikiwa hazijatimia saa 4 inaweza kukatwa nusu. Pasipoti yako haina kazi hapa. Kinachoangaliwa ni safari. Ukitoka Frankfurt kuja Unguja umo, hata ukibadilisha ndege Doha, mradi tiketi ni moja. Ukitoka Unguja kwenda Ulaya, umo ikiwa tu kampuni inayorusha ndege ni ya huko. Ya Unguja na Pemba ndiyo haimo kabisa, hata ungoje mpaka magharibi.

Utetezi wa kampuni unajulikana: hali ya hewa. Kweli, dhoruba inaifutia deni. Lakini viwanja vya ndege hutoa taarifa za upepo, mawingu na umbali wa kuona, nazo huhifadhiwa. Programu inazisoma, halafu inatazama kama ndege nyingine zilitua saa ile ile. Zikiwa zimetua, utetezi unayumba. Ubovu wa kawaida wa mashine nao hausamehewi. Mahakama ya Ulaya ilishaamua hivyo mwaka 2008.

Kuna jambo moja ambalo antena hazilioni. Mahakama hiyo iliamua mwaka 2014 kwamba ndege imefika pale mlango unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kushuka, si magurudumu yanapogusa lami. Dakika kumi za kungoja ngazi zinaweza kukuvusha saa 3. Basi mlango ukifunguliwa tu, watumie wa nyumbani ujumbe wa "nimefika". Saa yake inabaki kwenye simu.

Huduma hizi mara nyingi hukata kama theluthi ya fidia, na zaidi kesi ikifika mahakamani. Kwa maoni yangu, anza kwa kuiandikia kampuni mwenyewe, ni bure. Wakala mwachie kesi iliyokataliwa.