Chicago na mipaka iliyochorwa kwa kalamu: dhana potofu na ukweli

Mwafrika Mashariki anayefika Chicago kwa mara ya kwanza huelekezwa na wenyeji wake wapi pa kwenda na wapi pa kuepuka. Kaskazini, kando ya Ziwa Michigan, ni salama. Kusini na magharibi ya jiji, usikanyage. Huambiwa na sababu pia: kule wanakaa Weusi wa Marekani, hawapendi kazi, hawapendi shule, wamezoea kulelewa na serikali. Maneno haya hayasemwi na Wazungu peke yao. Yanasemwa kwa Kiswahili, kwenye harusi na misiba yetu na kwenye magrupu ya WhatsApp, kisha yanarudi nyumbani kama habari ya uhakika. Si kweli, na ushahidi wa kwamba si kweli umejaa kwenye hati, ramani na hukumu za mahakama za jiji lenyewe.

Dhana: Ubaguzi ulikuwa wa majimbo ya Kusini. Kaskazini Mweusi alikuwa huru.

Weusi walikimbilia Kaskazini, hilo ni kweli. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, watu wapatao milioni 6 waliondoka Mississippi, Alabama, Georgia na majimbo jirani, na zaidi ya 500,000 kati yao wakaishia Chicago. Waliitwa na kazi za machinjio na viwanda vya chuma. Waliitwa pia na gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, ambalo wahudumu Weusi wa treni walilipenyeza Kusini kituo kwa kituo. Huko Chicago, Mweusi aliweza kupiga kura, na hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini tarehe 27 Julai 1919, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa ziwani na wenzake jirani na ufukwe wa Mtaa wa 29. Hakuna sheria iliyogawa maji yale. Ilikuwa desturi tu kwamba upande huu ni wa Wazungu na ule wa Weusi. Mzungu mmoja akaanza kuwarushia mawe, na Williams akazama akafa. Polisi aliyekuwepo akakataa kumkamata mtu huyo. Fujo zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15, zikajeruhi zaidi ya 500, na familia za Weusi kama 1,000 zikabaki bila makazi.

Mwaka 1951, katika mji wa Cicero unaopakana na Chicago, familia moja ya Weusi ilipanga nyumba kihalali. Umati wa Wazungu wapatao 4,000 ulilizingira jengo, samani zikatupwa madirishani na kuchomwa moto, na gavana akalazimika kuita jeshi la jimbo. Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata: jopo la mahakama halikuanza na waliochoma. Lilimfungulia mashtaka wakili aliyeitetea familia hiyo, pamoja na mwenye jengo. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye.

Naye Martin Luther King, kiongozi wa madai ya haki za Weusi, alihamia North Lawndale, magharibi ya Chicago, Januari 1966, akapanga chumba katika jengo bovu kama majirani zake. Tarehe 5 Agosti, akiongoza maandamano katika mtaa wa Wazungu wa Marquette Park kudai haki ya Weusi kupata nyumba popote, alipigwa jiwe kichwani akaanguka kwa goti. Huyu alikuwa ametoka kwenye mapambano ya Birmingham na Selma, miji ya Kusini, na bado aliwaambia waandishi kwamba hata Kusini hakuwa ameona umati wenye chuki kama ule.

Dhana: Watu hupenda kukaa na wa rangi yao. Mitaa imejigawa yenyewe.

Hii ndiyo inayokubalika haraka kuliko zote, kwa sababu sisi nasi tumezoea mitaa ya Wapemba, ya Wasomali, ya Wahindi. Mgeni hutafuta watu wake, hilo halina ubaya. Lakini tofauti ya mtu aliyechagua kukaa na aliyezuiwa kutoka ni kubwa mno.

Tangu miaka ya 1920, wenye nyumba wa mitaa mizima ya Chicago walitia saini masharti yaliyoingizwa kwenye hati za viwanja: nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa kwa Mweusi. Bodi ya madalali wa jiji ilitoa nakala ya mfano ili watu wasihangaike kuandika. Nakala hiyo iliruhusu Mweusi mmoja tu kulala ndani ya eneo, yule ambaye ni mfagizi wa jengo, dereva au mtumishi wa nyumbani. Chicago ilikuwa inakubali Mweusi alale chini ya paa la Mzungu, mradi awe anamtumikia. Mtu akivunja masharti, jirani alikwenda mahakamani na hakimu akaamuru familia itolewe. Carl Hansberry, mfanyabiashara Mweusi aliyenunua nyumba kusini ya jiji, alipambana na masharti hayo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1940, lakini kwa hoja ya kiufundi iliyoacha masharti yenyewe yakiwa hai kwingineko. Ni mwaka 1948 ndipo mahakama hiyo ilipoamua kwamba majaji wasiyatekeleze tena.

Matokeo yake Weusi walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa kusini. Watu wanaongezeka kila treni inapoingia, eneo haliongezeki. Wenye majengo walizikata nyumba za familia moja kuwa vyumba vya jiko na kitanda pamoja, choo kimoja kwa familia kadhaa, na kodi juu kuliko aliyolipa Mzungu kwa nafasi bora zaidi. Mtaa unaotumiwa hivyo lazima uchakae. Kisha uchakavu huo huo ukageuzwa kuwa ushahidi kwamba Weusi wanaharibu mitaa.

Hapo serikali kuu ikaingia na kalamu yake. Shirika lake la nyumba, FHA, lililoundwa mwaka 1934, halikukopesha. Liliidhamini mikopo ya nyumba. Mkopaji akishindwa kulipa, serikali inaifidia benki. Kwa dhamana hiyo benki zilipunguza malipo ya mwanzo na kurefusha muda wa kulipa kufikia miaka 20 na zaidi, na hivyo ndivyo mfanyakazi wa kawaida wa Kizungu alivyopata nyumba yake. Mitaa ya Weusi, na hata ile ambayo Weusi walianza kuingia, ilinyimwa dhamana. Ramani za shirika jingine la serikali za miaka ya 1930 ziliipaka rangi nyekundu, maana yake hatari. Mwongozo wa FHA ulifika mahali pa kupendekeza masharti ya rangi yawekwe kwenye hati. Sasa nani alijitenga hapo?

Dhana: Weusi hawakujenga mali kwa sababu hawajui kutunza pesa.

Ningependa kila anayesema hivi asome habari za nyumba za mkataba.

Mweusi aliyenyimwa mkopo wa benki, hata akiwa na kazi nzuri ya posta au kiwandani, alibaki na njia moja. Dalali alikwenda kwenye mtaa wa Wazungu na kuwatia hofu: Weusi wanakuja, uzeni sasa kabla bei haijaporomoka. Madalali wengine walimlipa mwanamke Mweusi apite tu mtaani akisukuma kigari cha mtoto. Mzungu mwenye hofu aliuza kwa bei ya kutupa. Dalali huyo huyo akaigeuza nyumba na kumuuzia Mweusi kwa bei ya kuruka, si kwa mkopo bali kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi. Mkazi mmoja wa North Lawndale, aliyetoka Mississippi baada ya kutumikia jeshi la nchi hiyo, alinunua kwa dola 27,500 mwaka 1961 nyumba ambayo muuzaji alikuwa ameipata miezi michache tu nyuma kwa dola 12,000.

Na mkataba wenyewe ulikuwa mtego. Hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Mnunuzi alilipa kodi ya ardhi, bima na matengenezo yote kana kwamba ni mwenye mali, lakini akichelewa mwezi mmoja angeweza kufukuzwa kama mpangaji, na yote aliyokwisha kulipa, hata ya miaka kumi, yakapotea. Nyumba ikauzwa tena kwa mwingine. Baba alichukua kazi ya pili na mama akaingia kiwandani, watoto wakakosa wa kuwaangalia. Nyumba zikagawanywa kwa wapangaji ili fedha itimie. Hawa ndio watu tunaoambiwa hawakupenda kazi.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzao wa Chicago, uliotolewa mwaka 2019, ulikadiria kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 kati ya asilimia 75 na 95 ya nyumba zilizouzwa kwa Weusi wa Chicago ziliuzwa kwa mikataba hiyo, na kwamba fedha iliyonyonywa ni kati ya dola bilioni 3 na 4 kwa thamani ya leo. Ni akiba ambayo ingesomesha watoto, ingefungua maduka, ingerithiwa.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1968, wanunuzi wa North Lawndale waliunda umoja wao, wakakusanya hati, wakaziweka bei mbili mezani, ya dalali na yao, kisha mamia wakagoma kulipa. Polisi walipotoa nje vitu vya waliogoma, majirani walivirudisha ndani. Kesi zao kubwa zilishindwa mahakamani miaka ya 1970, lakini familia nyingi zilikuwa zimeshalazimisha mikataba kuandikwa upya.

Dhana: Sheria ilibadilika mwaka 1968, kwa hiyo mambo yaliisha. Na Weusi wamekuwa hata mameya.

Sheria ya usawa wa makazi ilipitishwa Aprili 1968, siku chache baada ya King kuuawa. Ilizuia ubaguzi wa kesho. Haikurudisha nyumba ya jana. Hata jiji lenyewe lilikuwa na hatia: mwaka 1969 jaji wa serikali kuu aliamua kwamba mamlaka ya nyumba ya Chicago ilikuwa imejenga nyumba za umma kwa makusudi ndani ya mitaa ya Weusi. Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyokamilika mwaka 1962, yote yalipangwa kwa mstari upande wa kusini. Leo hayapo, yamebomolewa.

Harold Washington alichaguliwa meya mwaka 1983, wa kwanza Mweusi, na kwa miaka mitatu madiwani wengi wa Kizungu walizuia karibu kila alichopendekeza. Mwaka 2013 jiji lilifunga shule kama 50 kwa mkupuo, na wanafunzi walioguswa walikuwa Weusi kwa sehemu kubwa sana. Mwaka 2019 watafiti wa New York walionesha kwamba mkazi wa Streeterville, katikati ya jiji, anatarajiwa kuishi miaka 90, na wa Englewood, kilomita chache kusini, miaka 60. Miaka 30 ya uhai ndani ya jiji moja.

Dhana: Chicago ndiyo inayoongoza kwa mauaji Marekani, na Weusi hawajali wakiuana wenyewe.

Chicago ina watu wapatao milioni 2.7, kwa hiyo idadi yake hutisha. Ukigawa kwa idadi ya wakazi, miji kama St. Louis, New Orleans na Memphis imeizidi kwa miaka mingi. Na wanaojali wapo, wamekuwepo. Parokia ya Mtakatifu Sabina huko Auburn Gresham huandamana usiku kudai amani. Mpango wa kutumia watu wa mtaani wenyewe kuzima visasi kabla risasi haijalia, unaoigwa sasa katika nchi mbalimbali, ulianzia West Garfield Park mwaka 2000.

Kinachokosekana ni imani kwa polisi, na sababu yake inajulikana. Jon Burge, kamanda wa polisi, pamoja na maofisa wake, walitesa washukiwa zaidi ya 100, karibu wote Weusi, kati ya 1972 na 1991, kwa umeme na kwa kuwaziba pumzi. Alihukumiwa baadaye kwa kusema uongo chini ya kiapo, si kwa mateso, kwani muda wa kumshtaki kwa hayo ulikuwa umepita. Mwaka 2015 jiji liliridhia fidia ya dola milioni 5.5 na kuamuru habari hizo zifundishwe shuleni.

Dhana: Sisi tumetoka Afrika mikono mitupu na tumefaulu. Wao wana kisingizio gani?

Wengi wetu hatukutoka mikono mitupu. Aliyepata viza ya masomo au aliyeshinda bahati nasibu ya viza alichujwa kwa elimu kabla hajapanda ndege. Ukiwaacha wakimbizi, kama ndugu zetu wa Kongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, aliyefika ni sehemu ndogo ya nchi yake, si nchi nzima. Kumlinganisha na watu ambao babu zao walinyang'anywa nyumba kwa mkataba si haki hata kidogo.

Kisha kuna mlango wenyewe tulioingilia Marekani. Mfumo wa uhamiaji uliopendelea Ulaya ya kaskazini na magharibi ulivunjwa mwaka 1965, katika wimbi lile lile la madai ya haki za Weusi. Na sheria ya makazi ya 1968 haikutaja rangi tu, ilitaja pia nchi mtu alikotoka. Mama wa Kikongo anayetafuta chumba leo katika mtaa wa Rogers Park, Chicago, akiambiwa kimejaa kwa sababu ya lafudhi yake, ana mwaka mmoja wa kupeleka malalamiko kwenye wizara ya nyumba ya Marekani, na kuwasilisha hakuna ada.