Mjamzito Anayeona Ukungu Apimwe Presha Kabla ya Miwani

Mama ana mimba ya miezi saba. Siku ya tatu sasa anaona vimulimuli, na maandishi ya kwenye simu yana ukungu. Anakuja chumba cha macho kuomba miwani. Wajawazito wa namna hii tunawapokea mara kwa mara, na kitu cha kwanza tunachokiomba ni mashine ya presha. Lenzi zinasubiri.

Baada ya wiki 20 za mimba, presha ikifika 140/90 au kuzidi, na mkojo una protini au kiungo cha ndani ya mwili kimeanza kuathirika, tunazungumzia priklampsia, hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mwenye priklampsia akianza kuona vibaya, ugonjwa wake unahesabiwa kuwa mkali. Anatakiwa kufika wodi ya wazazi siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Jicho linahusikaje? Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tunaiona mishipa midogo ya damu waziwazi bila kupasua chochote. Kwa kawaida ateri (mshipa unaoleta damu) ina upana wa takriban theluthi mbili za vena (mshipa unaoirudisha) iliyo kando yake. Priklampsia huzikaza ateri hizo. Unaifuata moja kwa mwanga kuanzia kwenye neva ya jicho, ghafla inakonda kama uzi, mbele kidogo inarudia unene wake. Hali ikizidi, ateri hubaki nusu ya vena au chini ya hapo. Ndipo huja mabaka meupe yenye kingo hafifu, kama pamba iliyochambuliwa, pale nyuzi za neva zilipokosa damu. Pembeni yake huweza kuwapo vidoa vya damu. Mara chache maji hujaa chini ya retina na kuibandua, na hata hapo kina mama wengi huona tena wiki chache baada ya kujifungua, bila upasuaji wa jicho. Wapo pia wanaopoteza kuona ghafla huku retina ikiwa safi, kwa sababu ubongo umevimba sehemu ya nyuma. Nao wengi huona tena presha ikidhibitiwa.

Kuhusu upimaji: utasoma herufi, jicho moja moja. Kisha tunatia matone ya kutanua mboni na kusubiri dakika 20 hadi 30. Matone huwasha kidogo. Tunabonyeza pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isiingie sana mwilini. Kwa saa kadhaa mwanga utakusumbua na hutasoma vizuri, kwa hiyo njoo na mtu na usiendeshe chombo cha moto. Saa ya kutia matone lazima iandikwe kwenye faili, kwa kuwa mama akipata degedege baadaye, mboni zilizotanuka zinaweza kumpotosha daktari anayepima fahamu zake. Mgonjwa aliye na hali mbaya hatumtoi wodini. Tunamfuata kitandani na kifaa cha mkononi.

Sasa niseme wazi jambo linalotuchosha. Mtu anaambiwa retina yake haina shida, anafunga safari kurudi nyumbani na presha ya 160/110, eti macho yamepimwa. Hapana. Presha hiyo ni ya dharura hata kama retina ni safi kabisa. Kipimo cha macho hakichukui nafasi ya kipimo cha presha, mkojo wala damu. Na ukungu unaokuja pamoja na kichwa kinachouma bila kutulia, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, usipewe jina la uchovu.

Sindano ya magnesiamu salfeti, inayozuia degedege, nayo inaweza kuleta ukungu au kufanya kitu kimoja kionekane viwili. Mwambie muuguzi mara moja, lakini usiikatae dawa.

Kujifungua nako hakumalizi hatari papo hapo. Degedege huweza kutokea mtoto akiwa tayari mikononi, na presha hufuatiliwa mpaka wiki ya 6. Ukiona vimulimuli katika muda huo, rudi hospitali hata usiku. Baada ya hapo, presha ikitulia na retina ikipimwa tena, karibu tukupimie miwani uliyokuja kuiomba.