Stage 4 haimaanishi mtu hajiwezi

Watu wengi wakisikia kansa imefika stage 4 wanajua basi huyo ni wa kitandani tu, na hapo ndo tunakosea sana. Stage inakwambia kansa imesambaa wapi, haikwambii mgonjwa anaweza kufanya nini. Hiyo inapimwa kivyake, madaktari wengi wanatumia skeli ya ECOG, inaanza 0 kwa mtu anayefanya kila kitu kama zamani, 2 anajihudumia mwenyewe ila kazi haziwezi na zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho yuko kwenye miguu yake, sio kitandani wala kwenye kiti, 4 hawezi kujihudumia kabisa yuko kitandani au kwenye kiti muda wote, na 5 ni amefariki. Kuna na ya Karnofsky, ya tangu miaka ya 1940, yenyewe inashuka toka 100 kwa aliye mzima kabisa mpaka 0 kwa aliyefariki. Kwahiyo mtu wa stage 4 anaweza kabisa kuwa 1 kwenye ECOG, yaani kazi nzito zinamshinda ila anatembea na kazi nyepesi anafanya.

Sasa daktari akiuliza unaoga mwenyewe, mchana unalala sana, sio stori hizo jamani, majibu yanachangia kuamua kama mwili utahimili kemo (dawa kali za kansa). Wagonjwa wengine wanajikaza kliniki dakika kumi halafu nyumbani wanalala siku nzima, ndo maana anayemuuguza naye aseme ukweli anaouona. Na namba ikionyesha hali imeshuka isichukuliwe kama hukumu, maana kama kinachomlaza ni maumivu au upungufu wa damu, vikitibiwa anaweza akainuka tena.