Metastasisi: kinachoifanya seli ya saratani ihame

Metastasisi ni hali ya seli za saratani kutoka kwenye uvimbe wa kwanza na kuota upya katika kiungo kingine. Saratani ya titi iliyofika kwenye ini bado ni saratani ya titi, na hutibiwa hivyo. Nalisisitiza hili kwa sababu familia nyingi hudhani mgonjwa amepata ugonjwa wa pili.

Ukubwa wa uvimbe peke yake hauamui seli ipi itahama. Yapo mabadiliko ndani ya seli yenyewe. Chukua E-kadherini, protini inayozishikanisha seli jirani. Protini nyingine, zikiwemo Snail na Twist, huizima jeni yake. Mshikamano hulegea, seli hurefuka na kuanza kutambaa. Snail na Twist si ngeni mwilini: hufanya kazi hiyohiyo kwenye kiinitete, wakati seli zinapolazimika kuhama ili viungo viumbike. Saratani huuamsha uwezo wa zamani. Uhaba wa oksijeni katikati ya uvimbe ni miongoni mwa vichocheo vyake.

Seli iliyolegea hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia tishu, ikajipenyeza hadi kwenye mshipa wa damu. Humo nyingi hufa, kwa msukumo wa damu au kwa kushambuliwa na kinga ya mwili. Zinazofunikwa na chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, hupata nafuu.

Mahali pa kutua nako hakuji kwa bahati tu. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akasema seli hizo ni mbegu zinazohitaji udongo unaozifaa. Leo sehemu ya udongo huo inajulikana: seli nyingi za saratani ya titi zina kipokezi CXCR4, yaani protini ya juu ya seli inayonasa kemikali maalumu, kinachovutwa na kemikali CXCL12 iliyo tele kwenye mapafu, ini, uboho na tezi za limfu.

Zipo pia jeni za breki. Ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1988, ni NM23: huzuia seli kusambaa bila kuzuia uvimbe wa kwanza kukua.

Na seli iliyokwisha kutua huweza kulala miaka mingi bila kugawanyika. Ndiyo maana saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na wagonjwa wengi huendelea na dawa za homoni kwa miaka 5 au zaidi ilhali vipimo havionyeshi kitu.