Mfumo haujamkataa mgonjwa asiye na jina

Kila idara ya dharura inapowekewa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, hapa Tabora kama kwingineko, kauli ni ileile: "Sampuli haiwezi kwenda maabara, mgonjwa hajasajiliwa, mfumo unakataa." Mfumo haujakataa. Aliyeupanga amechukua njia ya OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje), yaani mapokezi, malipo, daktari, maabara, akaihamishia EMD, idara ya dharura, kama ilivyo. Dharura huanza na triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao. Malipo ni mwisho kabisa. Kabla hamjawasha chochote, watu wa TEHAMA waondoe kizuizi cha malipo kwa waliopewa rangi nyekundu na chungwa, wenye hali mbaya zaidi.

Andaeni mapema faili za muda, tuseme kumi, kila moja na bahasha yake: bangili ya mkononi na stika za chupa za damu, namba moja kote. Basi likipinduka barabara ya Nzega, muuguzi anavuta bahasha, anamfunga mgonjwa bangili, kazi inaendelea. Tafadhali msiwaite wote "Hajulikani Mwanaume". Chupa mbili za namna hiyo zikifika maabara pamoja, majibu ya kundi la damu yanaweza kuingia kwa asiye mwenyewe. Mmoja awe Hajulikani Mninga, mwingine Hajulikani Ukwaju.

Ndugu wakishafika, kila mtu anakimbilia kurekebisha jina. Subirini! Mfuko wa damu ya kuongezewa umeoanishwa, yaani umepimwa kama unalingana na damu ya mgonjwa, kwa jina la muda. Bangili ikibadilishwa, wauguzi wawili wanaohakiki kitandani watakuta majina hayalingani. Ama damu irudishwe mgonjwa akiendelea kuvuja damu, ama mtu afumbe macho aitundike. Jina la muda libaki hadi damu iliyoagizwa iishe au irudi, ndipo muunganishe mafaili na kuchukua sampuli mpya.

Umeme: UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) iwe pia kwenye swichi ya mtandao, ile inayotundikwa juu ya mlango na kusahaulika. Isipokuwa nayo, skrini zinawaka lakini hakuna kinachohifadhiwa.

Ninalotilia shaka ni uandishi wakati wa kumfufua mgonjwa. Vitabuni kuna mtu wa kuandika tu. Usiku zamu ina wauguzi wawili: mmoja anabana kifua, mwingine ameshika ambu, mfuko wa kumpulizia hewa. Wanaandika karatasini, wanaingiza baadaye, na adrenalini ya saa mbili inasomeka ya saa nne. Daini sehemu ya kujaza muda halisi, ni lazima iwepo. Hata hivyo, muda utakaojazwa humo mara nyingi ni wa kukumbuka, na mfumo utauonyesha kana kwamba ulisomwa kwenye saa ya ukutani.