Wataalamu wa elimu hawakusema hivyo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, mtu akishaandika "utafiti unaonyesha", mjadala umekwisha. Utafiti upi, umefanyika wapi, nani kaufanya, hakuna anayeuliza. Ukienda kuwasoma wenyewe, wale wanaochunguza ujifunzaji na makuzi ya binadamu, unakuta mara nyingi wamesema kingine kabisa.

Dhana: Kila mtoto ana mtindo wake, huyu wa kuona, yule wa kusikia.

Watoto wana wanachopenda, sikatai. Ila mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo, wakitafuta kama mtoto "wa kuona" hufaulu zaidi akifundishwa kwa picha na "wa kusikia" kwa maelezo. Ushahidi wa kutosha hawakuupata. Njia huamuliwa na somo: ramani huangaliwa, matamshi husikilizwa, na darasa zima.

Dhana: Rudia daftari mpaka likae kichwani.

Mwaka 2006 kulikuwa na jaribio zuri la wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha baadhi wakakisoma tena, wengine wakakiweka kando na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, walioandika bila kuangalia ndio walioshika zaidi. Walimu wa madrasa, wanaosema "funika msahafu, nisomee", hawatashangaa.

Dhana: Peleka vitabu na fedha, matokeo yatapanda yenyewe.

Hapa ndipo wataalamu wa sera hueleweka vibaya kupita kote, nami naona ndipo walipotufaa zaidi. Miaka ya 1990, huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada na kuzilinganisha na zilizokosa. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vilifuata mtaala uliokwenda mbio kuliko walipofika. Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, hakutoka hapo akisema vitabu ni upuuzi. Swali likawa: vimeandikwa kwa ajili ya nani?

Tanzania ina jaribio lake, la 2013 na 2014, katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya alama. Motisha kwa walimu peke yake ilileta matokeo madogo yenye utata. Vilipounganishwa, alama zilipanda waziwazi. Kwa hiyo anayenukuu nusu ya kwanza ili kukata bajeti ya shule anadanganya, na anayedai fedha bila kuuliza kama mtoto anajua kusoma naye hajafika.

Dhana: Akianza na Kiingereza tangu chekechea, atakijua zaidi.

Kuanzia mwaka 1970, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, walisomesha kundi la watoto masomo ya msingi kwa Kiyoruba, lugha yao ya nyumbani, kwa miaka 6 mizima, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo. Wenzao walihamia Kiingereza baada ya miaka 3. Waliobaki na Kiyoruba hawakurudi nyuma. Walifanya vizuri zaidi kwenye masomo, na hata kwenye Kiingereza hawakuachwa. Lakini walikuwa na mwalimu wa Kiingereza anayekijua Kiingereza, jambo ambalo kibao cha "mchepuo wa Kiingereza" kwenye geti la shule hakiwezi kukuhakikishia.