Ruzuku ya usalama saiti: fedha ziko wapi na nani anazipata

Tangu maadhimisho ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo huwa Aprili 28, sisi tunaokagua usalama kazini mkoani Kigoma tumekuwa tukipokea swali moja kwa sura nyingi, kuanzia Mwanga, Gungu na Ujiji hadi Kasulu: "Ruzuku ya OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) fomu zake tunachukulia wapi?" Wengine wanakuja na ujumbe uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, unaomtaka fundi atume "ada ya fomu" kwa simu ndipo aingiziwe fedha za vifaa. Jibu ni usitume. Malipo ya taasisi ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa namba ya simu ya mtu, na OSHA ya Tanzania haigawi fedha kwa fundi mmoja mmoja. Hili tumelisema redioni na kwenye mikutano ya kata, na bado watu wanatapeliwa.

Mkanganyiko una chanzo chake. Marekani nayo ina wakala unaoitwa OSHA, na wakala huo umekuwa ukitoa ruzuku iliyopewa jina la Susan Harwood. Ruzuku hiyo huenda kwa mashirika yasiyo ya faida ya hukohuko, tena ni ya kufundisha wafanyakazi na waajiri, si ya kununua mabuti. Katika jimbo la Ohio, ofisi ya fidia kwa wafanyakazi huchangia dola 3 kwa kila dola 1 ambayo mwajiri ametoa kununua vifaa vya kupunguza hatari, hadi dola 40,000. Ni mpango mzuri, lakini anayenufaika ni mwajiri wa Ohio anayelipa michango yake Ohio. Mtu aliyeko Kigoma akijaza fomu zile anapoteza bando bure.

Mfuko wetu wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao umebebeshwa matarajio yasiyo yake. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, anachangia yeye mwenyewe, na ni marufuku kumkata mfanyakazi. Fedha hizo ni za matibabu, fidia ya ulemavu, utengamao, na pensheni kwa wategemezi mfanyakazi akifariki. Hazijengi jukwaa la kusimamia mafundi wanapojenga juu.

Sasa fedha ziko wapi? Kwa sehemu kubwa ziko ndani ya mkataba, na wakandarasi wetu wadogo wanaziacha wenyewe. Fungua BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, ya kazi yoyote ya umma, kurasa za mwanzo kabisa kabla hujafika kwenye msingi na zege. Utakuta mstari wa usalama na afya: vifaa kinga, huduma ya kwanza, uzio, alama, maji ya kunywa, vyoo. Mzabuni anayetaka bei yake ionekane ndogo anaweka sifuri, au anaandika "imo". Sheria za zabuni ziko wazi: kipengele kisichowekewa bei hakilipwi, huhesabika kwamba gharama yake imo kwenye bei nyingine. Akishapata kazi anatufuata na kusema hana uwezo wa kununua kofia. Uwezo alikuwa nao siku anajaza bei. Jambo hili linatuumiza, kwa sababu wanaoanguka ni saidia fundi ambao hata hiyo BOQ hawajawahi kuiona.

Mkoa huu uko katika kipindi kizuri cha kulirekebisha. Manispaa ya Kigoma Ujiji imo kwenye mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kipande cha reli ya SGR cha Tabora hadi Kigoma kina urefu wa kilomita 506. Miradi yenye fedha za benki za maendeleo huja na masharti ya usalama, na mkandarasi hutakiwa kuwasilisha mpango wake kabla ya kuanza. Wewe unayepewa kipande na mkandarasi mkuu, iwe kalavati au kambi ya wafanyakazi, uliza kabla ya kusaini: fedha za usalama za kipande changu ziko wapi? Ziandikwe kwenye mkataba wenu mdogo. Ahadi ya mdomo kwamba "vifaa vitaletwa" hatuikagui.

Upo pia mlango ambao wengi hawaujui. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana ya zabuni na dhamana ya malipo ya awali. Mfuko huo haukupi fedha mkononi, lakini ukiwa na dhamana unaweza kudai malipo ya awali pale mkataba unaporuhusu, na hapo ndipo jukwaa la bomba linanunuliwa au kukodiwa kabla ukuta haujapanda. Anayesubiri hati ya kwanza ya malipo, ya kazi iliyokwisha kufanyika, ndipo anunue, anakuwa tayari ameshawapandisha watu kwenye mirunda.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vina asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nirudie, huo ni mkopo usio na riba, unarejeshwa. Kikundi cha mafundi kinaweza kukopa na kununua seti za jukwaa la bomba, kikazitumia na kuzikodisha kwa saiti nyingine. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi na akaunti ya benki. Kwa upande wa mafunzo, ulizeni VETA Kigoma kuhusu urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini, na kama kuna awamu inayogharamiwa na Serikali. Wafadhili wengine, yakiwemo mashirika ya maendeleo yaliyopo Kasulu na Kibondo, kwa kawaida hufanya kazi na taasisi au vikundi vilivyosajiliwa. Mtu binafsi asitarajie.

Kuhusu namna ya kuandika ombi. Maombi mengi ninayoombwa kuyapitia yanataka kofia na reflekta. Hivyo vinahitajika, sikatai, na vinapendeza kwenye picha ya makabidhiano. Lakini anza na kinachoua. Nenda saiti ya ghorofa moja uangalie: jukwaa la mirunda iliyofungwa kwa kamba ya katani, ubao mmoja wa kukanyagia, hakuna kizuizi mgongoni, na fundi amebeba karai la zege. Kofia haitamsaidia huyo sana. Omba jukwaa lenye mbao kamili na vizuizi pembeni. Mkanda wa usalama uombe pale ambapo kizuizi hakiwezekani, kama juu ya kenchi, na ueleze utafungwa wapi. Mkanda usio na mahali imara pa kufungwa haumzuii mtu kuanguka. Kwenye mitaro na mashimo ya vyoo omba mbao na jeki za kuzuia kingo, na muondoe kifusi ukingoni leo, hilo halihitaji mfadhili.

Ombi linaloeleweka linasema hatari ni ipi, inawagusa watu wangapi, mmeshafanya nini kwa fedha zenu, kifaa gani kinahitajika, nani atakitunza na kukikagua. Ambatisha tathmini ya hatari, ankara kifani (proforma) tatu, TIN, na cheti cha usajili wa mahali pa kazi. Usajili huo hauna ada, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo. Fedha zikishatoka, nunueni kile kilichoombwa na mtunze risiti ya EFD. Ruzuku iliyoombwa kwa jukwaa ikanunua saruji inarejeshwa, na inaweza kuwafikisha mbali zaidi ya kurejesha.

Narudi kwenye ukaguzi, maana wapo wanaoamini kwamba barua ya maombi ni kinga. Siyo. Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde watu wake leo, ombi limejibiwa au halijajibiwa. Mkaguzi akikuta kasoro anatoa notisi ya maboresho yenye muda. Akikuta hatari ya wazi anazuia kazi eneo hilo, na zuio haliondoki hadi arudi kukagua. Kukaidi ni kosa lenye faini na mahakama. Kwa mkandarasi kuna hasara nyingine: siku za mkataba zinaendelea kuhesabiwa wakati kazi imesimama kwa kosa lake, na makato ya ucheleweshaji yanamsubiri.

Kamati za ujenzi wa madarasa na zahanati, ninyi mnaotumia mafundi wa kijijini, hamjasahauliwa. Wekeni mstari wa usalama kwenye makadirio kabla hayajapelekwa halmashauri, na mwiteni mhandisi wa wilaya autazame. Kwa wazabuni, BOQ ya zabuni inayofuata ileteni ofisini kabla hamjaiwasilisha kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni. Tutawaonesha vifaa vinavyohitajika kwa kazi hiyo. Bei mtaweka wenyewe. Huduma hiyo haina malipo.